Bata Asiyehitaji Mtu

Muthomi wangu amepata diploma ya mifugo, Bwana Nthiga, na katika darasa lote la watu arobaini na mmoja waliomshinda ni wawili tu, na mmoja wao baba yake ni daktari wa mifugo, kwa hivyo huyo tusimhesabu.

Sasa nikusalimu. Hujambo, na watu wako huko nyumbani Embu hawajambo? Sisi hapa Kibirichia tuko salama, viazi tumevuna vizuri, vyangu vikiwa vikubwa kuliko vya wengi.

Kwa Afisa wa Mifugo wa Wadi,
Kibirichia, Jumamosi, tarehe 14 Februari

KUH: MALALAMIKO JUU YA BATA ULIYETUCHAGULIA

Mimi ni Ruguru, Mama Muthomi, katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Unanijua. Ndimi niliyekupa chai ya maziwa matupu siku ya mkutano ukanywa vikombe vitatu. Nilisoma mpaka darasa la saba, wakati darasa la saba lilikuwa darasa kweli, kwa hivyo nitaandika kwa nambari kama barua za ofisi.

Kwanza nikukumbushe tulipofikia, maana vikundi vyako ni vingi. Kila mama atapewa bata sita wa kuanzia, wa kufuga nyuma ya nyumba, lakini lazima sisi sote tuchague aina moja, na kura ni Jumanne ijayo. Wewe ulisema tuchague Maskovi, wale wa uso mwekundu kama waliomwagikiwa na nyanya. Muthomi akasimama akasema tuchague Kaki Kambeli, wale wembamba wanaotembea kama wana haraka ya kwenda afisini. Kikundi kikichukua Kambeli kitahitaji mtaalamu, na mtaalamu ni Muthomi, naye atakaa nyumbani. Kikichukua Maskovi, Muthomi atakwenda Timau, kwenye shamba la maua, kunyunyizia dawa, na tayari wamemwita mafunzo ya juma moja. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni maelezo.

1. Uliniaibishia mtoto. Alipomaliza kueleza kwamba Kambeli hutaga karibu kila siku, wewe ulitabasamu, ukasema mbele ya akina mama ishirini na wawili: "Kijana, bata wa kwanza ni kama bibi wa kwanza. Usimtafute anayesifiwa, mtafute anayekaa." Veronicah, mwenyekiti wetu, alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Bwana Nthiga, Muthomi hajaoa. Hayo mambo ya bibi wa kwanza, ambayo yanamaanisha kuna wa pili, unamfundishia nini mtoto wa watu, na wewe ni mtu wa kanisa?

2. Ulimsifu Maskovi kwamba hapigi kelele, hutoa pumzi tu. Nani alikuambia tunataka bata wa siri? Mtu akifuga, majirani wasikie. Mimi Kambeli ninao wanne, Muthomi aliwaleta kutoka chuoni ndani ya kikapu siku aliyomaliza, wenzake wakiwa wamebeba maua. Hao wakiamka, mpaka ng'ambo ya bonde wanajua kwa Ruguru kumekucha.

3. Ulisema Maskovi anatosheka na beseni la maji la kutia kichwa, kidimbwi si lazima. Muthomi alikuwa ameshanichimbia kidimbwi. Sasa nikipeleke wapi?

4. Hili ni kubwa. Ulisema Maskovi hulalia mayai yake mwenyewe siku thelathini na tano, hula kidogo, hasaidiwi na mtu, na akiinuka anainuka na vifaranga kumi na wawili. Ulisema hivyo kama sifa. Mimi nikajiuliza moyoni, huyu mzee anasikia anachosema? Kila siku tunaambiwa vijana wajiajiri, halafu tunaletewa bata anayefanya kazi ya kijana mwenye diploma, bila likizo, bila kugoma, amekaa tu. Kambeli ana adabu. Anataga, anaondoka, hata nyuma hatazami, na nafasi ya kazi anaiacha wazi. Hapo ndipo Muthomi anapoingia. Amejenga mashine ya kuangulia mayai kwa kabati la marehemu nyanya yake, taa mbili na sufuria ya maji. Mayai ya kwanza hayakuanguliwa, ni kweli, lakini ni kwa sababu stima ilipotea siku mbili, na hilo si kosa la kabati. Kwa hivyo naomba ofisi yako itoe amri kwamba katika wadi hii bata yeyote asilalie mayai bila kibali, na vibali vianze kutolewa vijana wote waliosoma wakishapata kazi. Nimefikiri sana juu ya amri hiyo na sioni mtu itakayemuumiza isipokuwa bata.

5. Ulituachia Maskovi mmoja wa mfano, jike, ili akina mama wamzoee, na ukamwacha kwangu bila kuuliza, nadhani ni kwa ajili ya ile chai. Sikia alichofanya. Muthomi alipokwenda Timau Jumatatu alifunga nyumba yake kwa kufuli, ufunguo akampa baba yake. Lakini mlango ule umeliwa na mvua chini, umebaki na nafasi ya kupita bata. Wale Kambeli, ambao hutaga popote, hata ndani ya viatu vya gambuti, wakaingia wakataga chini ya kitanda chake. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila siku.

Wewe ni mtu wa Embu, mambo haya ya mila mnayajua kama sisi. Mwanangu ametahiriwa, ana nyumba yake, na mimi mama yake siwezi kuvuka kizingiti kile, sembuse kuinama kando ya kitanda. Kijitabu chako cha kufuga bata kina kurasa ishirini na nne. Kuna minyoo, kuna mafua, kuna picha ya Mzungu ameshika ndoo. Hakuna mstari hata mmoja wa kumwambia mama afanyeje mayai yakiwa mahali asipoweza kufika. Nikapiga magoti nje, nikamulika kwa tochi ya simu kupitia ile nafasi, na hata kidole changu hakikuvuka. Mayai ni kumi na saba. Na juu yake, tangu leo asubuhi, amejitandaza Maskovi wako.

Nikamtuma mume wangu, Murithi, kwa kuwa yeye ni baba na anaruhusiwa. Aliingia na fimbo akatoka bila fimbo. Akaniambia, "Yule ana hati ya nyumba. Mimi sina."

Kwa hivyo bata wako amevunja nyumba, ameteka mayai ambayo si yake, na ameanza kazi ya mwanangu juma lile lile mwanangu alilokwenda kutafuta kazi kwingine. Nadai umwombe Muthomi radhi mkutanoni. Nadai ubadilishe ushauri wako kabla ya Jumanne. Na nadai uje mwenyewe umtoe bata wako ukiwa na barua ya muhuri, maana fimbo ameikataa.

Nikiwa na imani kwamba hutaiweka barua hii chini ya faili nyingine, nabaki mama mwenye uchungu ila si wa kinyongo. Nisalimie mama watoto, na yule mdogo aliyekuwa na kikohozi, na mchungaji wenu, na watu wa ofisini, hata karani aliyeniambia nirudi kesho mara tatu. Murithi anakusalimu kwa mkono ambao haukudonolewa.

Ruguru, Mama Muthomi
Katibu

Nyongeza, Jumapili baada ya kanisa.

Bahasha nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena. Muthomi alirudi jana jioni kutoka Timau na gambuti mpya za shamba la maua. Wanamtaka aanze Jumatano. Nilikaa jikoni nikimenya viazi vingi kuliko watu tuliopo, nikimngoja atoke nyumbani kwake na mfuko wa nguo. Hakutoka. Ikabidi niende nisimame nje ya dirisha. Nikamwona amelala kifudifudi sakafuni, shavu chini, anamtazama yule bata, na daftari la chuo liko wazi kando yake. Alikuwa amemwekea maji kwenye kikombe chake cha chai. Bata hakumdonoa. Nikamuuliza kama gambuti zinamtosha. Akasema polepole, kama mtu aliye kanisani, "Mama, huyu siwezi kumwacha nusu. Nimewapigia Timau simu. Nimewaambia nitakuja akishaangua."

Bwana Nthiga, anasema mayai ya Kambeli ni siku ishirini na nane, hata yakilaliwa na Maskovi. Mimi ni mama, siku ishirini na nane ni chache. Kwa hivyo futa nambari ya kwanza mpaka ya tano, na ile amri pia. Jumanne naunga mkono Maskovi, na Veronicah acheke mpaka achoke. Ombi langu ni moja. Wale sita wangu usiwalete pamoja. Mlete mmoja, majuma matatu yakipita mlete mwingine, ili huyu akikaribia kuinuka, yule awe amekaa. Ule mlango sitautengeneza.

Na mje mwone vifaranga wakitoka, wewe na mama watoto, na kikundi kizima, na yeyote atakayesikia. Nitapika mukimo. Nyinyi mtaingia, mimi nitasimama dirishani mniambie wako wangapi. Ni Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu.