Kwa Nini Vitabu vya Nyahanga Visivuliwe Kanzu

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wetu kutoka Boma; Mtukufu Mtemi wetu; waheshimiwa wanangwa wote wa vijiji vyetu, mlioalikwa na mliojialika; Baba Paroko; Shehe wetu; wajumbe wa Komiti Kuu, wa Komiti Ndogo, na wa Komiti ya Kuzipatanisha hizo mbili; mabibi na mabwana wa Nyahanga, pamoja na ndugu zetu wachimbaji mliofika kwa lori kutoka Geita na Runzewe (makofi): mimi Kalisti, mwenye cheti cha ualimu na barua mbili za sifa kutoka Boma, Katibu wa Kudumu na Mwasisi wa Maktaba ya Ustawi, nawasalimu. Mtaniwia radhi nikisema nimekaa. Tabibu amekisikiliza kifua changu na kuniambia nisijihesabu katika msimu ujao wa pamba, kwa hiyo hii, kwa lugha ya kiofisi, ni ripoti yangu ya mwisho. (Mtu mmoja anapiga makofi, jirani yake anamshika mkono.)

Ajenda yetu leo, Julai 1954, ni moja tu. Je, vitabu vyetu arobaini na viwili vyenye majalada magumu viendelee kuvaa zile karatasi za rangi zinazofunika jalada, ambazo ninyi wenyewe mmeziita kanzu, ama zivuliwe? Hoja ya kuvua imeletwa na Bi Bernadina, mkunga msaidizi wa zahanati, anayedai kwamba kanzu huteleza mkononi, huchanika ncha, hukusanya vumbi, na kwamba kitabu ni cha kusomwa, si cha kutazamwa.

Komiti yangu, baada ya kulichambua suala hili kitaalamu na kimpango, na kwa kuzingatia skimu nzima ya maendeleo kama ilivyofafanuliwa katika sirkula ambazo wengi wenu hamkupata nafasi ya kuzisoma, kwa kuwa ninazo mimi, imeridhika kwamba kanzu ndiyo nguzo ya nidhamu ya kitabu. Tazameni takwimu. Tangu tufungue mwaka 1951, maktaba imepokea wageni elfu moja mia mbili na kumi na wanne, ambao wote walisimama mbele ya waya wa kabati kwa utulivu, wakasoma majina ya vitabu kwenye kanzu, wakarudi makwao wameelimika. Hakuna kitabu kilichopotea. Hakuna kilichochanwa. Hakuna kilichocheleweshwa na mwazimaji, kwa kuwa mwazimaji hajakuwapo. Mchwa wa mwaka juzi walikula fremu ya mlango, kiti changu na daftari la wageni, lakini vitabu walivizunguka kwa heshima. Nionyesheni maktaba nyingine katika jimbo zima yenye rekodi ya namna hiyo. (Makofi. Mzee Bujiku, mfugaji, kutoka nyuma: “Katibu, mimi nikinunua ng'ombe namfungua mdomo nione meno. Hawa wako tunatazama ngozi tu mwaka wa tatu huu.” Kicheko kirefu.)

Namshukuru Mzee Bujiku. Mchango wake utaingizwa kwenye kumbukumbu kama pongezi.

(Bi Bernadina anasimama. “Shikamoo, Katibu.”)

Marahaba, mayu, mama yetu. Muda wa maswali uko ukurasa wa nane.

(“Nina mtihani wa cheti huko Mwanza mwezi ujao. Mwaka jana nilishindwa. Hicho cha kanzu ya kijani kinahusu ukunga, nakisoma jina lake kila Jumamosi. Mwaka juzi uliniambia fomu za kuazima zimekwisha. Mwaka jana ukasema kanzu imepata unyevu, haijakauka. Karatasi, Katibu, inakauka mwaka mzima?” Kicheko. Cornel, mchimbaji: “Mpe mama kitabu, kanzu uvae wewe.” Kicheko zaidi.)

Waheshimiwa, nilikuwa nimeandaa kurasa nne nyingine, juu ya jua, jasho la mikono, na mchango wa kanzu katika kuinua daraja la Nyahanga machoni pa dunia iliyostaarabika. Nitaziruka. Pumzi haitoshi. Basi tuitikiane kaulimbiu zetu tufunge. Kanzu ni elimu. (Wanaitikia wachache.) Waya ni usalama. (Anaitikia karani peke yake.) Nyahanga mbele.

Sasa shukrani. Za kwanza ni kwa muuza vitabu aliyeko Mwanza, ambaye nilipomwandikia kuomba vitabu alituma kanzu arobaini na mbili, zimeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, na barua ya adabu ikisema kwamba hizi ni za kubandika ukutani ili wasomaji wachague, kisha tujaze fomu, naye alete vitabu vyenyewe. Barua ile niliielewa vizuri. Kiingereza changu hakijawahi kuwa na shida. Lakini Mtemi alikuwa ameshapiga ngoma ya mkutano, ng'ombe wawili walikuwa wamechinjwa, na Bwana Shauri alikuwa njiani na mpiga picha. (Minong'ono.)

Kwa hiyo shukrani za pili ni kwa Jilala seremala, aliyekuwa akikata magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke kule Geita, ambaye kwa siku mbili alinichongea vipande arobaini na viwili vya mninga, akavipiga randa mpaka kingo zikafanana na kurasa, asiniulize neno. Nilikusudia kuijaza fomu wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata ikaja barua ya sifa. Nilipoomba vitabu mwaka wa pili, nilijibiwa kwamba maktaba yenye vitabu arobaini na viwili katika hali nzuri kiasi kile haihitaji vingine, iwapishe wenye shida.

Shukrani za mwisho ni kwako, Bernadina. Uliposhindwa mtihani nilikuandikia barua ya kukutia moyo, nikakushauri usome kwa bidii zaidi. Ni barua ile iliyonileta hapa leo, si kifua. Ulishindwa kwa sababu yangu. Asubuhi hii nimeijaza fomu ya muuza vitabu, kitabu chako kikiwa cha kwanza, na juu yake nimeandika kwamba maktaba hii haina kitabu hata kimoja na haijawahi kuwa nacho. Imebaki sahihi ya Bwana Shauri, ambaye ameketi kulia kwangu na bado hajanitazama.

Hoja ya kuvua imepita, sipingi. Ufunguo wa kabati ni huu. Pita mbele, mayu, uanze wewe. Ivue taratibu usiichane, maana katika kitabu chako, hiyo ndiyo sehemu pekee iliyokwisha kufika.