Kigari cha Kijapani Bweranyange

Jumatatu, 3 Mei 1909

Barua ya binamu yangu Seif, baharia, imenifikia hapa Bweranyange! Ndani yake picha za mitaa ya Ujapani. Nimeduwaa. Mwanamke mzuri, meno ameyatia weusi tii, kwa makusudi! Nyumba yenye kuta za karatasi. Karatasi! Na hakuna aliyetoboa hata kwa kidole. Watu wamevaa mitalawanda, viatu vya mbao, mirefu kama vigoda. Kisha nusura nimwage kahawa: mtu mzima anavuta kigari kama punda, anakimbia, na ndani amekaa bibi anatabasamu.

Anatabasamu! Papo hapo nikamwona Shufaa amekaa humo.

Jumanne, 4 Mei

Shufaa ni mjane, anashona kofia. Ijumaa atajibu posa: yangu au ya Hatibu, muuza vitambaa wa duka la jirani. Hatibu ana mwavuli na ndevu nzuri. Mimi nitakuwa na kigari. Nimekata magurudumu kwenye gogo. Moja limetoka duara. La pili limetoka yai. Juu nimepigilia kiti cha dada yangu Mwaja. Kauliza yeye atakalia nini. Wanawake na maswali!

Jumatano, 5 Mei

Wapagazi watatu wamekataa kuvuta. Mmoja kasema mzigo wenye miguu utembee. Nitavuta mwenyewe. Shufaa kakubali nimpeleke Kanoni kwa shangazi yake. Hatibu kadai naye ana safari ya huko huko. Mwongo!

Alhamisi, 6 Mei

Ya Rabi! Kilima tulikipanda vizuri, maana Shufaa alitembea. Mteremkoni nikamsihi apande. Akaweka mguu mmoja, akalitazama lile gurudumu la yai, akautoa. Kigari hakikungoja. Kikanisukuma mimi! Nikakimbia mbele yake nikipiga mayowe, katikati ya migomba, hadi kwenye hori ambamo mzee mmoja alikuwa akikamua ndizi za pombe. Nikatumbukia kichwa kwanza. Mimi, mtu wa swala tano! Nilipoibuka nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema mzee. "Sasa toka kwenye rubisi yangu."

Juu kilimani Shufaa alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Hatibu kamfunika mwavuli.

Ijumaa, 7 Mei

Kamkubali Hatibu! Siamini. Alikuja kuniambia mwenyewe, kwa adabu. "Bwana Zubeiri, sijacheka hivyo tangu marehemu anitoke. Lakini nyumbani nataka mtu wa kupumzika naye." Nikamtakia heri. Kisha nikalia kidogo dukani kwangu, nyuma ya magunia ya chumvi.

Jumamosi, 8 Mei

Picha mbili zilikuwa zimenatana! Nimezibandua kwa mvuke. Laa ilaha! Samaki wa kitambaa, mkubwa kuliko ng'ombe, ananing'inia kwenye mlingoti juu ya nyumba, upepo umemjaza tumbo! Basi kosa langu lilikuwa kubaki ardhini. Harusi ni Alhamisi. Shufaa akimwona samaki wangu anaogelea juu ya nyumba ya bwana harusi, atabadili nia. Mwaja anatafuta shuka zake tangu asubuhi. Paa la Hatibu ni la nyasi kuukuu, lakini mimi si mzito.