Saa Mbili Zilizopotelea Kananga

Jumamosi, 3 Machi 2018

Leo Elisée kaja kula kwetu Troyeville, hapa Joburg. Ndiye anayemtaka Jocelyne, binti wa dada yangu. Kijana kanyoa vizuri mno. Sikumpenda.

Kasimulia safari yake. Katoka Lubumbashi saa nne, katua Kinshasa saa tano na nusu. Siku ya kurudi katoka Kinshasa saa nne, katua Lubumbashi saa saba na nusu. Nikaacha kutafuna. Kwenda saa moja na nusu, kurudi saa tatu na nusu! Njia ile ile! Saa mbili kazipeleka wapi? Nikamwongezea bukari, ugali wetu, ashibe, ajisahau.

Jumatatu, 5 Machi

Fordsburg, kwa Burhani, mtu wa Tanga, muuza vitambaa. Nikamwambia aiulize simu yake kuhusu njia ile. Ikasema kilomita elfu moja mia tano na ushee, kwa ndege mwendo wa saa mbili na nusu. Burhani akasema labda ni upepo. Eish! Nikamweleza nimeruka njia ile mara ishirini, na mara moja rubani aliniachia usukani ili asinzie kidogo. Upepo wa kule unanijua. Akauliza kwa nini basi naihangaikia simu yake. Wivu tu.

Katikati ya njia kuna nini? Kananga! Kijana alishukia Kananga kwa mwanamke. Pengine na watoto wapo.

Jumatano, 7 Machi

Mke wangu Victorine kasema nikiharibu posa hii nitajipikia mpaka Krismasi. Mbona anamtetea hivyo? Naye namchunguza.

Jumapili, 11 Machi

Siku ya posa. Sebule imejaa. Kwetu mjomba asiposema ndiyo, hakuna ndoa. Nikasimama na suti yangu ya bluu, nikamuuliza Elisée yule wa Kananga anaitwa nani. Nikazimwaga saa zote, pamoja na safari zangu ishirini na rubani wangu. Jocelyne akaanza kulia. Nimeshinda!

Kumbe Mama Orpha, shangazi wa kijana, anacheka mpaka kilemba kinamwanguka. Akasema Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Ukienda unarudisha saa yako nyuma, ukirudi unaisogeza mbele, angani ni saa mbili na nusu zile zile. Kisha akaniuliza, polepole, baba, mara zote ishirini hizo saa yako ulikuwa unamwachia nani? Hata mchungaji akacheka.

Nikasema nilikuwa nampima kijana kama ana hasira. Amefaulu. Nikatoa ndiyo yangu haraka, kabla hawajafika kwa rubani.

Jumatatu, 12 Machi

Harusi Kinshasa! Elisée ndiye atakayenipandisha ndege. Jocelyne bado hanisemeshi.

Nimewaza sana. Saa ya hapa Joburg ni sawa na ya Lubumbashi. Maana yake kwenda watu wa ndege wananipa saa moja bure, kurudi wananinyang'anya. Wananionaje hawa? Nitakwenda kwa ndege, nirudi kwa basi, hata likichukua wiki. Saa nzima ya faida!

Simwambii mtu. Burhani ataniiga.