Lebo ya Mtungi wa Busaa

Tuna furaha kubwa kuutangazia umma wa Wakenya wa Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyote vinavyofikika kwa gari, pamoja na majirani zetu Wakongo ambao huja kwenye sherehe zetu kabla hatujawaalika, kwamba kuanzia tarehe mosi Januari hakuna kinywaji chenye kileo kitakachowekwa mbele ya wanachama wa Umoja wetu bila lebo. Enzi ya kunywa kitu usichokijua imekwisha. Sasa utakunywa kitu usichokijua, lakini kimeandikwa.

Mimi, Naftali, ndiye Katibu wa Kudumu wa Kamati ya Lebo na Vifungashio. Niliteuliwa kwa sifa. Kazini, katika nyumba ya wazee huko Saint Paul, nasoma lebo za dawa mchana kutwa, na katika miaka kumi na moja nimempa babu wa chumba cha tatu vitamini za bibi wa chumba cha nne mara moja tu. Wote wawili walichangamka.

Watu wameuliza: kwa nini kanuni za Ulaya, na sisi tuko Minnesota? Swali zuri, na wote waliouliza tumeandika majina yao. Jibu ni kwamba Agosti iliyopita Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Muriuki, ambaye huuza nyumba siku za kazi na kutuongoza siku zinazobaki, alikwama uwanja wa ndege wa Brussels kwa saa kumi na moja. Mtu mwingine angelala kwenye kiti. Yeye aliingia duka la vileo akasoma migongo ya chupa, rafu baada ya rafu, mpaka mwenye duka akaita askari. Alirudi kwetu akiwa mtu mpya.

"Naftali," aliniambia, kofia yake ya manyoya ikiwa imeshuka hadi kwenye nyusi, maana huwa haivui hata ndani ya nyumba, "wenzetu wamefika mbali. Chupa ya huko inajieleza. Inakwambia nguvu yake, inakotoka, aliyeifunga. Ya Mfaransa ina hata picha ya mama mjamzito amepigwa mstari. Sisi je? Mtu anapewa kikombe anaambiwa karibu. Karibu wapi?"

Nikaenda nyumbani nikaandika kanuni.

Ziko ishirini na sita. Nitazitaja zile tu zilizoleta maneno. Kanuni ya Tatu inataka nguvu ya kinywaji iandikwe kwa asilimia. Ya Tano inasema kifuniko kisitengane na chombo chake, kwa sababu huko Ulaya vifuniko vya chupa za plastiki siku hizi vimeshikizwa shingoni, ukinywa vinakukwaruza pua, na Mwenyekiti aliona hapo ndipo ustaarabu ulipo. Ya Saba inasema chochote kitakachowekwa kwenye meza kuu mbele ya wanachama kiwe na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kilichopitwa na tarehe kiondolewe papo hapo bila rufaa. Maneno "bila rufaa" ni yangu mwenyewe, na siku nikifa naomba yasomwe. Ya Nane tuliinakili kutoka kwa Wazungu bila kuigusa: chenye nguvu ya asilimia kumi kwenda juu hakihitaji tarehe, kwa kuwa hakiharibiki upesi.

Kanuni zilikaa wiki mbili bila mtu wa kuzivunja, jambo lililomhuzunisha Mwenyekiti. Kisha Mama Natasha akaja kuomba ufunguo wa ukumbi wetu wa New Hope.

Mama Natasha, jina lake Goretti, ni muuguzi, anakaa Blaine, kwao Kakamega. Binti yake Natasha amechumbiwa na kijana anayeitwa Bravin, na wazazi wa Bravin walikuwa wanakuja Jumamosi kutoka Des Moines kuzungumza habari za ndoa. Baba Bravin alikuwa ametoa sharti moja kwa simu: maneno yaanze wazee wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja wa busaa, pombe yao ya nafaka, kila mtu na mrija wake mrefu, kama alivyopokewa baba yake. Asipouona mtungi atakunywa chai, atashukuru kwa heshima zote, na atarudi Des Moines na mtoto wake.

"Nipe ufunguo, Naftali," alisema Mama Natasha.

"Kuna fomu, mama."

"Ya ukumbi?"

"Ya mtungi."

Aliniangalia vile anavyomwangalia mgonjwa anayesema hana homa. "Busaa inachujwa Ijumaa. Jumamosi ni tamu, Jumapili inavumilika, Jumatatu ni siki ya kusafishia masinki. Hiyo fomu yenu inachukua siku ngapi?"

"Siku za kazi kumi na nne."

"Haya, shemeji. Lete fomu. Lete na kalamu, na ulete na huyo bwana wako."

Kwa ajili ya ndoa tulizifupisha zile siku kumi na nne, tukaenda Blaine Jumatano kufanya ukaguzi. Nje theluji ilifika magotini. Kwenye garaji, pembeni ya hita, tulikuta ndoo kubwa imevishwa jaketi la zamani la Natasha la shule, zipu imefungwa mpaka juu, ili unga uumuke kwenye joto. Mwenyekiti aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Hiki ni nini?"

"Ni jaketi," alisema Mama Natasha.

"Naandika kifungashio cha nje," alisema Mwenyekiti. Akageuza ukosi, akasoma, akasimama wima. "Katibu, kuna tatizo. Yaliyomo yanatoka Kakamega. Kifungashio kimeandikwa Bangladesh."

"Yaliyomo yanatoka hapo kwenye duka la Wasomali," alisema Mama Natasha. "Unga wa mahindi, kimea cha wimbi, na maji ya bomba ya Blaine."

Ikabidi tuandike asili tatu. Kuhusu nguvu, Kamati haina kifaa cha kupimia, kwa hiyo tukachukua ushahidi wa mdomo.

"Wawili wakinywa wanaimba," alieleza mwenye busaa. "Wa tatu anaomba msamaha kwa jambo la mwaka juzi."

Tulijadiliana kwa kina kando ya hita, tukaandika asilimia nne.

Kazi ya kuchapa tulimpa Bonheur, Mkongo mwenye duka la kuchapa karibu na kituo cha treni pale Cedar-Riverside. Mwenyekiti alikuwa ameagiza lebo iwe katika lugha za wanachama wote asije mtu akalewa kwa kutoelewa, na wanachama wetu wana lugha kumi na tatu. Ijumaa jioni Bonheur alinipigia simu.

"Papa Naftali, hii étiquette iko murefu kuliko mutungi."

"Kwa kiasi gani?"

"Nimeizungusha mara tatu. Mutungi hauonekane tena. Mutu ataweka murija wapi?"

Nilimwambia atoboe tundu, na pembeni ya tundu aandike "tundu", katika lugha zote.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa. Wageni wa Des Moines walikuwa wameketi, makoti mapajani, wakisubiri kuona utu wa wenyeji. Mtungi ulikuwa mezani, umefungwa lebo kama mtu aliyetoka kuvunjika mbavu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa uzi kwenye shingo yake, na mirija minane imelala pembeni, kila mmoja na karatasi yake. Natasha alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, gauni jipya, anatafuna kucha. Kilichobaki kilikuwa muhuri wa Mwenyekiti tu.

Mwenyekiti alikaa katikati ya meza kuu, kofia kichwani, miwani puani, akasoma lebo kutoka juu hadi chini, akaomba mtungi ugeuzwe, akasoma tena. Dakika arobaini zikapita. Baba Bravin akaangalia saa yake, akaangalia mtungi, akavaa koti, akaanza kufunga kifungo cha kwanza.

"Nishati!" alisema Mwenyekiti. "Hapa pameandikwa nishati kwa mililita mia, lakini hapakuandikwa kwa mrija. Chombo ni kimoja, watumiaji wanane, hatujui nani amevuta nini. Jambo hili linarudi kwenye Kamati. Tutakaa Jumatatu."

"Mheshimiwa," nilinong'ona, "inaharibika Jumatatu."

"Basi Jumatatu tutajua hatima yake."

Baba Bravin alifika kifungo cha tatu. Bravin mwenyewe alisimama, akakaa, akasimama tena. Natasha aliita "Mum!" kwa sauti ambayo haikuhitaji lugha kumi na tatu.

Mama Natasha hakupandisha sauti. Alifungua mkoba, akatoa kanuni zangu, zile kurasa tisa, amezipigia mistari kwa kalamu ya kijani.

"Katibu, nisomee ya Saba."

Nilisoma, na kwa kweli nilisoma vizuri: "Chochote kitakachowekwa kwenye meza kuu mbele ya wanachama kiwe na tarehe ya mwisho wa matumizi."

"Mtungi uko wapi?"

"Meza kuu."

"Una tarehe?"

"Unayo. Jumapili."

"Na pembeni ya mtungi, kwenye hiyo hiyo meza, mbele ya wanachama hawa hawa, kumewekwa nini?"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Mwenyekiti. Mimi pia niligeuka, kwa kuwa ni wajibu wa Katibu kugeuka na wengine.

"Mimi?" alisema Mwenyekiti. "Mimi si kinywaji!"

"Kanuni haikusema kinywaji," alisema Mama Natasha. "Imesema chochote. Katibu?"

Nilikagua. Ilikuwa imesema chochote. Siku ile niliiandika nikiwa na njaa.

Mwenyekiti hakutikisika. Kiongozi mzoefu ana njia ya kutokea kila anapoingia. "Sawa kabisa," alisema. "Lakini mimi naangukia Kanuni ya Nane. Mimi nina nguvu. Chenye nguvu ya asilimia kumi kwenda juu hakihitaji tarehe."

"Nguvu kiasi gani? Ya Tatu inasema iandikwe."

"Andikeni! Katibu, andika!"

"Kwa kipimo gani, Mheshimiwa?" niliuliza, maana kwenye garaji tulishaona ugumu wake.

Alisimama. Aliinua kidole. "Nguvu ya kiongozi ni kura! Hesabuni kura zangu!"

Nyuma ya ukumbi Bi Fatimah alishusha kikombe chake cha chai. Bi Fatimah ni mtu wa Mombasa, ana duka la mitandio, kileo hajawahi kukigusa, na ndiye anayetunza daftari la uchaguzi kwa sababu hakuna mtu anayethubutu kumwambia akosee.

"Pombe mimi siijui," alisema, akivaa miwani taratibu, "lakini daftari nalijua. Uchaguzi ulikuwa kwenye pikiniki ya mwaka elfu mbili kumi na saba, kule ziwani. Ikanyesha mvua. Watu wakakimbilia magari. Waliobaki chini ya paa walikuwa tisa, na wote tisa walimpa Bwana Muriuki, kwa vile ndiye aliyekuwa ameshika nyama. Wanachama walikuwa mia na ishirini na saba." Akapiga hesabu kwa vidole. "Asilimia saba na chenji."

"Mvua ilikuwa kubwa!" alisema Mwenyekiti.

"Saba," alisema Mama Natasha. "Chini ya kumi. Basi anahitaji tarehe. Bi Fatimah, alifungwa kwa muda gani?"

"Katiba yasema miaka miwili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ameisha mwaka elfu mbili kumi na tisa, mwanangu."

Wote waliniangalia mimi. Nilimwangalia Mwenyekiti, naye akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeniteua. Nilihisi uzito wa ofisi. Lakini Kanuni ya Saba inasema papo hapo, na inasema bila rufaa, na mimi si mtu wa kusaliti sentensi yangu nzuri kuliko zote. Nilimshika kiwiko kwa adabu, kama ninavyowashika wazee wangu kazini, nikamwondoa mezani.

Muhuri ulibaki kwangu. Baada ya tafakari ya sekunde nne niliugonga kwenye lebo ya mtungi, ukaingia kwenye Kiluhya na kufunika nusu ya Kikamba. Bonheur aliichana lebo kuanzia tundu kwenda chini, mtungi ukavuta pumzi. Baba Bravin alifungua vifungo vyote vitatu, akachagua mrija mrefu kuliko yote, akaonja, akafumba macho. Akavuta tena. Halafu akamgeukia Mama Natasha.

"Haya, mkwe," alisema. "Sasa tuongee."

Jikoni wanawake walipiga vigelegele vilivyoondoa theluji kwenye paa. Mtungi ulipofika nusu, Baba Bravin na ndugu yake walikuwa wanaimba, na Mheshimiwa wa zamani alikuwa ameshakamilishiwa makaratasi. Bonheur alikuwa na kipande cha lebo kilichobaki, akakiandika kwa mkono na kukibandika kwenye koti lake: "Muriuki. Asilimia 7. Kimefungwa 2017. Tumia kabla ya 2019. Hifadhi mahali penye baridi." Kwa kufuata maelezo hayo tulimpa kiti karibu na mlango, ambao ulikuwa unafunguliwa kila dakika na Januari yote ya Minnesota inaingia. Kofia yake tuliishikiza shingoni kwa uzi, kwa mujibu wa Kanuni ya Tano. Nakiri ilimkaa vizuri.

Mama Natasha ndiye aliyemwonea huruma. Alimvutia kiti karibu na mtungi, akampa mrija. Mheshimiwa alivuta mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu aliomba msamaha kwa habari ya mvua. Kisha jicho lake likaangukia lebo, na ile roho ya Brussels ikamrudia.

"Goretti," alisema, "hii ni asilimia nne. Mimi saba. Bado nimeizidi."

"Umeizidi, shemeji," alisema Mama Natasha, akimsogezea kofia isiingie kwenye busaa. "Lakini hii watu wameiomba."