Sabuni na Mshika Kijiko

Sabuni aliiona simu kabla hajamwona mwenye simu. Ilikuwa kubwa, mpya, kioo bado kina nailoni ya kiwandani. Ndipo akapandisha macho: mama wa makamo, blauzi ya maua, amesimama mlangoni pa ukumbi wa michezo ya video, macho yakimchezacheza kwa taa za waridi na kijani.

"Karibu, dada," alisema, na yeyote aliyemfahamu angejua kwamba hapo simu imeshaanza kuaga. Walimwita Sabuni kwa sababu kila aliyejaribu kumkamata alibaki na mkono mtupu unaonukia vizuri.

"Hili linalopiga kelele ni nini?"

"Mchezo tu, dada. Njoo uone."

Kwenye kioo cheusi viling'aa vyombo viwili, kimoja cha waridi, kimoja cha kijani, kila kimoja kikiburuta tufe kwa mnyororo.

"Kijiti cha kushoto unaendeshea chombo, cha kulia unarushia tufe. Kila mtu ana vyombo vitatu, na hakuna kitufe cha kupigia. Tufe lina uzito wake: ukilizungusha vizuri linampiga mwenzio, ukilikosea linakurudia mwenyewe."

"Makubwa! Na wewe unaweza?"

"Mimi?" Sabuni akacheka kinyonge. "Mimi hata watoto wa chekechea wananipiga."

Huo, tumtendee haki, haukuwa uongo mtupu. Watoto walimpiga kila alipotaka wampige.

"Dada unafanya kazi gani?"

"Nashika kijiko."

Mpishi! Sabuni alishukuru kimoyomoyo. Mikono ya kukoroga sufuria, na simu kama ile!

Wakacheza. Mama aligonga ukuta, akaomba radhi, akajitwanga na tufe lake mwenyewe mara tatu. Kushindwa na mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu, lakini Sabuni alikuwa fundi. Alishindwa. Mchezo wa pili akashindwa tena, jasho likimtoka.

"Kumbe naweza!" mama akapiga makofi.

"Basi tuweke kitu," Sabuni akasema, kana kwamba wazo limemdondokea kutoka darini. "Wewe simu, mimi saa yangu hii."

"Saa ninayo." Mama akainama kidogo. "Ila hivyo viatu vyako, mh! Vimenikaa moyoni."

Vilikuwa vya ngozi nyeusi, vipya. Sabuni alikuwa amevishinda Jumanne kwa kijana mmoja wa ujenzi. Akavivua haraka, mama asije akabadili mawazo. Viatu na simu vikawekwa mezani kwa mwenye ukumbi, bibi mmoja mkimya ambaye wote walimwita Mama Ukumbi.

Mama mwenye simu akakunja mikono ya blauzi. Sabuni akaona misuli ambayo haipatikani kwa kukoroga uji.

Chombo cha kijani, cha mama, kilitulia katikati. Tufe likaanza kuzunguka polepole, bila papara. Sabuni akavamia. Mama akarudi nyuma kidogo tu, akauacha mnyororo umalize safari yake, na uzito wote wa tufe ukamkuta Sabuni ubavuni. Rangi ya waridi ikatapakaa kioo kizima. Chombo cha pili cha Sabuni mama alikinasa kwa mnyororo, akakiegesha pembeni kama gunia la saruji, ndipo akakiponda. Alipokuwa akikimaliza cha tatu, alikuwa amegeuza shingo akimwuliza Mama Ukumbi kama pana maji ya kunywa.

"Dada," Sabuni akasema kwa sauti nyembamba, "kijiko gani hicho unachoshika?"

"Cha kuchimbia mitaro. Ile mashine kubwa ya njano. Mwaka wa tisa huu. Ina vijiti viwili kama hivi, ila ukikosea pale unaangusha nyumba ya watu."

"Na ile michezo miwili ya kwanza?"

"Wewe ulikuwa unahangaika ushindwe, na mimi nahangaika nishindwe. Nilidhani tutalala hapa."

Akavichukua viatu, akavinusa, akakunja uso.

"Ni vya mdogo wangu. Anaoa Jumamosi. Alirudi nyumbani na soksi, akamdanganya mama yetu kwamba kamwazima rafiki. Usicheze naye tena, umesikia?"

"Nimesikia, dada," Sabuni akajibu, akashangaa kuona anamaanisha.

Mama akaondoka na viatu kwapani. Nje jua la saa saba lilikuwa linakaanga lami.

"Mama Ukumbi, niazime kandambili."

Bibi akainama, akatoa kandambili za buluu, akaziweka mezani. "Kuazima siazimi. Weka shati, tuzichezee."

Akazunguka meza akijifuta mikono kwa kanga, akakaa mbele ya mtambo wa mchezo. Miaka minne Sabuni hakuwahi kumwona akiugusa. Aliitazama ile mikono, mikavu, imetulia juu ya vijiti.

"Mama, kabla ya ukumbi huu, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Hizi na zile," bibi akasema, akitabasamu. "Kaa, baba."

Sabuni alitoka nje. Akavuka barabara kwa ncha za vidole, akirukaruka na kuita "uwi!" kila hatua, shati lake likiwa salama mwilini.