Waranti ya Prosesa Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anastaafu! Miaka thelathini na mmoja ya ukunga, na sherehe ni Jumapili. Nimejitolea kutengeneza filamu ya maisha yake. Shemeji, kaka yake mke wangu, akadakia kwamba kompyuta yake ingeiunganisha kwa dakika arobaini. Yangu inataka saa tatu. Sebule nzima ikanitazama kwa huruma. Huruma! Nikasema yangu itamaliza kwa nusu saa. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yametoka.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua siri. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani imekanyagiwa breki. Unaingia kwenye mipangilio, unaiongezea kasi na volti, inatimua mbio. Mke wangu akauliza kama hilo haliharibu waranti. Nikamwambia waranti ni ya waoga, na kompyuta haina mdomo wa kunisema. Nimepandisha ngazi moja. Shwari. Mbili. Shwari! Mashine ikaomba jina la kuhifadhia mipangilio mipya. Nikaandika MOTO WA KUOTEA MBALI.

Jumatano, 5 Machi
Saa nne asubuhi, ngazi ya tano, nikaanza kuunganisha filamu. Feni ikavuma kama ndege inayotaka kupaa. Dakika ya kumi na mbili, mama mkwe yuko kwenye skrini kambeba kichanga, mara giza. Kimya. Harufu ya plastiki. Mke wangu akauliza kutoka jikoni nimeunguza nini. Nikasema hakuna kitu. Akasema hicho hakuna kitu kinanuka mpaka huku.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: kujifanya mjinga. Nimefuta vumbi, nimepulizia manukato, nimebeba kompyuta hadi dukani na karatasi ya waranti mkononi. Fundi ni mama mpole mwenye miwani kichwani. Akauliza swali moja tu: ilizima lini? Nikajibu matatu ambayo hakuuliza. Kwamba sijagusa kasi. Kwamba volti siijui. Kwamba huenda ni radi. Akachungulia nje. Wiki nzima jua kali.
Akachomeka prosesa ya kujaribia, akafungua mipangilio, akasoma kwa sauti mbele ya wateja: “Moto wa kuotea mbali.” Halafu: “Kaka, huu moto ni wako?”
Nikasema labda ni jina la kiwandani.
Akaniwekea kidole kwenye mstari: ukipandisha kasi kupita kiwango cha kiwanda, waranti ya prosesa imekufa. Akasema wapo watengenezaji wanaolegeza, lakini wa kwangu hayumo, na mtu husoma kwanza. Karatasi yenyewe kurasa mbili! Akanifariji kwamba kila kifaa kina waranti yake. Vingine vyote viko salama.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekiri. Mke wangu hakufoka, na hilo lilinichoma zaidi. Akasema tu kwamba mama yake ameshaalika kina mama aliowazalisha, wanakuja na watoto. Akanikabidhi diski yangu yenye picha za filamu, akanionyesha mlango. Nikaenda kwa shemeji nimefyata mkia. Hakunicheka. Alijikuna kidevu, akaniazima na prosesa yake ya zamani nijishikize. Filamu ikaungana kwenye mashine yake. Dakika arobaini na moja. Nilikuwa na saa mkononi. Dakika nzima ya ziada, na sikusema kitu!

Jumapili, 9 Machi
Filamu imeoneshwa. Ilipofika picha ya kile kichanga, jitu moja refu lenye ndevu likasimama nyuma ya ukumbi, likasema: “Ni mimi yule!” Mama mkwe akalia, akacheka, akalia tena. Akatushika mimi na shemeji, mmoja kila mkono, akasema hajawahi kupewa kitu kama hiki. Nikaapa palepale: sitagusa tena kasi ya prosesa.

Jumatatu, 10 Machi
Kiapo kimesimama. Ya shemeji imo ndani na sijaigusa. Badala yake nimeketi nikasoma karatasi ya waranti, kurasa zote mbili, kama alivyoshauri fundi. Mstari ule unataja prosesa. Kile kifaa kingine, kinachochora picha kwenye skrini, haujakitaja hata kwa bahati mbaya! Na waranti yake bado miezi minane. Nimeingia kwenye mipangilio. Mke wangu anauliza kelele hizo ni za nini. Nimemwambia feni inashangilia.