Wakazi wa Mahame ya Busale

Jumatatu, 2 Juni 2025

Bashiri kanitangulia tena! Huyu ni muuza duka wa mtaa wetu hapa Mbugani. Kichochoro chake kimejaa miti, taka zinatengwa kwenye ndoo, maji ya mvua yanaingia kwenye tangi. Watu wanamsifu mpaka kanisani, na yeye ni Mwislamu! Sasa shirika moja la Mbeya linatafuta makazi ya mfano yanayotunza mazingira. Watakaoshinda watafungiwa umeme wa jua, na barabarani litasimikwa bango lenye jina la mwenyekiti. Jina la mwenyekiti! Bashiri kaandikisha kichochoro chake, nami nimejiandikisha leo leo. Makazi: Kijani Busale. Mwenyekiti: Amon, yaani mimi. Makazi yenyewe bado hayapo. Hilo dogo.

Jumanne, 3 Juni

Eneo limepatikana. Kule Busale, nyuma ya mashamba ya mpunga, kuna mahame. Watu walihama mwaka wa mafuriko makubwa, kabla sijazaliwa. Migomba yao bado imesimama kwa mistari, utadhani imepaliliwa jana. Mama Tusekile, mwenye shamba la jirani, kanipa ruhusa upesi mno. Kasema nijenge tu, ila nipige hodi kwanza. Nikamuuliza, hodi kwa nani? Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka zake.

Sikupiga hodi. Nani anapiga hodi kichakani?

Alhamisi, 5 Juni

Vibanda vitatu vya mianzi vimesimama! Fundi kanishukuru kwa wasaidizi niliomtumia, watu wapole, hawasemi sana. Sikumtumia mtu.

Kufika kwangu asubuhi, uwanja wote umefagiwa. Mistari ya ufagio mibichi kila mahali, unyayo hata mmoja hakuna. Mianzi iliyobaki imepangwa kwa urefu. Chupa ya plastiki niliyoitupa migombani jana imeoshwa, imewekwa juu ya kiti cha baiskeli yangu.

Nywele zilinisimama. Kisha nikawaza: usafi wa bure! Bashiri analipa kijana wa kufagia, mimi silipi.

Chupa nikaichoma pale pale. Upepo haukuwepo, lakini ule moshi ulinifuata mimi tu, mpaka barabarani.

Ijumaa, 6 Juni

Shida: wakazi. Masharti yanasema lazima watu wakae pale. Nimezunguka mtaa mzima, hakuna anayetaka kuhama, hata wale wanaopanga chumba kinachovuja. Wakisikia ni wapi, wanakumbuka wana mgonjwa nyumbani.

Nikamgeukia mke wangu Atupele. Alikataa kabla sijamaliza sentensi. Nilipomtajia lile eneo akaacha kuchambua mchele. Kumbe bibi yake, Anyisile, aliishi kule. Maji yalipokuja, wengine waliwahi kutoka. Bibi hakuwahi.

Kasema atakwenda kesho, kutazama tu.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Bashiri kaniletea sahani ya pilau yenye nyama nono. Mtu wa kuudhi sana! Nimekula kwa hasira, nikamaliza.

Kisha Busale na Atupele. Yeye alisimama ukingoni mwa migomba, akapiga hodi. Mimi nilisikia majani tu. Yeye akaitikia, “Ndaga, ndaga,” kwa ile shukrani yetu ya Kinyakyusa, akavua viatu, akaingia. Akakaa chini kando ya mafiga matatu ya kale, akaanza kuongea. Anauliza, ananyamaza, anacheka kama msichana. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tuoane.

Nilimwita kwa nguvu.

“Punguza sauti, Baba Lugano,” akasema bila kugeuka. “Wanakula.”

Hapakuwa na sufuria wala moto. Nikagusa figa moja ili kumwonyesha upuuzi wake. Vidole vyangu vina malengelenge mpaka sasa.

Alikataa kurudi nyumbani. Nimeendesha baiskeli peke yangu, na sifichi, niliogopa. Nyumba imepoa. Lakini mkazi wa kwanza nimempata!

Jumatatu, 9 Juni

Wakaguzi wamekuja. Mkuu wao ni dada mmoja anaitwa Doreen, mkali wa macho. Nilikuwa nimeandaa maelezo kwamba wakazi wangu wengine wako shambani. Sikupata hata nafasi ya kuyatoa.

Doreen alipiga hodi, akaingia, akakunja magoti kuamkia. Hewa! Akasogea hatua, akaamkia tena. Akapeana mikono mstari mzima. Dereva wake akavua kofia. Wakaonyeshwa kitu nyuma ya kibanda, wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Mimi namwona Atupele peke yake. Alikuwa amejifunga kanga mgongoni, namna ya kubeba mtoto, na kanga ilikuwa imetuna. Mwanetu Lugano yuko kidato cha tatu. Mtoto mchanga hatuna.

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikatabasamu.

Doreen alisema hajapata kuona watu wanaotumia kidogo namna ile, wasiotupa kitu kabisa. Nikamjibu kwamba nimewafundisha mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Tumeshinda! Bashiri wa pili!

Kisha Doreen akanipigia kuhusu bango. Litaandikwa: Mwenyekiti, Bibi Anyisile. Nikadai kuna makosa. Akaniambia kwa upole kwamba wakazi walisema hawanifahamu. Wanamjua mtu fulani wa baiskeli, anayeingia bila hodi na kuchoma plastiki. Wanaomba asije tena.

Nikamuuliza, hao wakazi wanafananaje?

“Wamelowa,” akasema. “Nilidhani wametoka kwenye mpunga.”

Mchana Atupele alikuja kuchukua nguo zake. Jua kali, lakini pindo la gauni lake lilikuwa linachuruzika maji. Nikamwambia nimemkumbuka. Nilimaanisha. Akanishika shavu, mkono baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni. Kasema nyumba yangu kule haipo bado. Niende nipige hodi, niombe radhi, ningoje kuitikiwa. Bibi si mtu wa kinyongo.

Niombe radhi kwenye makazi yangu mwenyewe! Nikakataa.

Kaondoka. Nimefuta sakafu mlangoni mara kadhaa, haikauki.

Ijumaa, 13 Juni

Bashiri kaja baada ya swala. Hakuja kujigamba. Alikaa na mimi, akasema kamwona Atupele kwa mbali, amekonda, anapungia mkono watu wasioonekana. Akanisihi twende wote leo, atasimama kando yangu niombe radhi, nimrudishe mke wangu kabla mvua hazijaanza. Machozi yalimlenga.

Karibu nikubali. Kisha nikang'amua: anautaka uenyekiti!

Hanipati. Kama wale ni wakazi, basi wana haki ya kupiga kura, na mimi nagombea. Kipaza sauti nimeshakiazima. Fulana zenye picha yangu zinachapwa mjini, watazipata Jumapili. Mchapaji kaniuliza saizi. Nikamwambia kubwa tupu. Pamba ikilowa hunywea.